Kopo la Mafuta ya Breki

"Kanyaga, bwana," Onsongo alisema akiwa chini ya Landrova. Mwenye duka, ambaye gari lilikuwa lake, akakanyaga breki. "Shikilia."

Alilegeza nati ili hewa itoke. Yalitoka matone machache ya mafuta, meusi. Basi akaifungua silinda ya gurudumu na kutoa kipande cha mpira kilichokuwa ndani. Kilikuwa kimevimba na kulainika kama uyoga uliolowa. Alipokibonyeza, kiliacha weusi kwenye kidole.

Alinusa kopo alilojazia gari hilo wiki iliyopita. Yalikuwa mafuta ya injini, ambayo huvimbisha mpira wa breki mpaka breki zikashindwa kushika. Aliyeyamimina humo ni yeye mwenyewe, akasahau.

Jana alikuwa amelitumia kopo hilohilo kwa gari la kanisa.

"Leo wanakwaya wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Harusini, Nyacheki. Kuna nini?"

Onsongo alimweleza. Mwenye duka alishuka garini, akauchukua ule mpira.

"Ukisema ni wewe, hakuna mtu Kisii atakayekuletea gari tena. Waambie tu limeharibika."

"Dereva anajua lilitengenezwa jana. Hataniamini."

Alipanda mbio kilima cha Nyanchwa hadi kanisani, spana bado mkononi. Alikuta injini imeshawashwa na akina mama wameketi nyuma, wanaimba. Akasimama mbele ya boneti. Dereva alipiga honi, akapiga tena.

"Shukeni," Onsongo alisema. "Breki nimeziharibu mimi."

Wimbo ulikatika. Dereva alimtazama usoni, kisha akazima injini.