Kamba za Viatu vya Kocha

Baba aliporudi nyumbani jioni, nilichokiona kwanza ni kamba za viatu vyake. Asubuhi nilizifunga mimi, kwa sababu mgongo wake haukubali tena kuinama. Sasa zilikuwa na mafundo mawili, moja juu ya jingine.

"Nani amekufunga?"

"Mchezaji wangu, yule tunayemwita Mlingoti," alisema akicheka. "Mrefu vile, amepiga magoti mbele ya watu wote, analia. Nikamwambia, leo ndiyo tumelingana."

Ilikuwa siku yake ya mwisho chuoni, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kufundisha mpira wa kikapu.

Nilikaa sakafuni, nikaweka mguu wake pajani kwangu. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na ngozi inang'aa.

"Unajua wamesema nini kwenye hotuba? Kwamba mchezaji akitaka kuacha masomo, mimi namfuata mpaka kwao. Nakaa mlangoni, siondoki bila yeye. Na ni kweli, binti yangu. Hakuna hata mmoja aliyenishinda."

Mimi niliacha shule darasa la sita, mama alipopooza. Baba alikuwa safarini na timu. Aliporudi alinikuta nafua mashuka, akanishukuru sana. Tangu hapo, wageni wakiuliza, huwaambia kwamba mimi shule sikuipenda.

Fundo la kwanza lilifunguka. La pili lilikataa.

"Mbona kimya?" aliuliza.

Nilikishika kiatu kwa mikono miwili.

"Baba, mimi shule nilikuwa naipenda."