Ndoo Iko Njiani

Kichanja kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu, nailoni yake imefutwa mpaka inang'aa, na juu yake hakukuwa na dagaa hata mmoja. Majaji walikuwa wamebakiza meza tatu kumfikia Evelina.

"Mama yako amefika wapi?" Evelina alimnong'oneza Odeta, aliyesimama meza ya jirani.

"Yuko njiani na ndoo. Tulia, rafiki yangu."

Rafiki. Neno hilo lilimchoma Evelina kuliko tusi, maana shule nzima ilijua alichomfanyia Odeta.

Wiki tatu nyuma, Mwalimu Teodora aliwataka wanafunzi wa kidato cha sita wachague miradi ya maonyesho. Mradi mmoja, mwanafunzi mmoja, na mshindi angepata mfadhili wa chuo kikuu. Odeta, ambaye mama yake anauza dagaa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, alikuwa amewaeleza Evelina na Winnie, mwanafunzi mwenzao, wazo lake: kichanja chenye paa la nailoni, kinachokausha dagaa haraka na bila mchanga. Siku ya kuchagua, Evelina aliwahi kuinua mkono akalitaja kama lake.

Alikuwa na sababu, kama wezi wote. Baba yake, mfugaji wa Kisesa, alishamwambia wazi kwamba bila mfadhili masomo yanaishia hapo, arudi nyumbani wakalime pamba.

"Msaliti," alisema Winnie kutoka nyuma, bila hata kushusha sauti.

Odeta alikuwa ameganda, macho yake ubaoni, pale mwalimu alipoandika tarehe ya maonyesho. Midomo ilimcheza. Vidole vyake vilikuwa vikihesabu kitu chini ya dawati. Masikini, anazuia machozi, Evelina aliwaza.

"Mwachie tu, mwalimu," Odeta alisema hatimaye. "Mimi niandikie kalenda."

"Kalenda ya nini?"

"Ya ukutani."

Darasa lilicheka. Evelina naye alicheka, na kicheko hicho hakijamtoka rohoni mpaka leo.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni wema. Kesho yake tu Odeta alifika Mkuyuni, anakoishi Evelina kwa shangazi yake, akiwa na ndoo ya dagaa wabichi kichwani.

"Shikamoo, shangazi," alisalimia mlangoni, kisha akamgeukia Evelina. "Sasa wewe na kichanja chako ulitaka kukausha hewa?"

Akaleta tena siku iliyofuata, na iliyofuata, wiki mbili mfululizo. Kwao Evelina ni watu wa ng'ombe. Dagaa aliowajua ni wale waliokwisha kauka, wanaopimwa kwa kopo sokoni. Bila Odeta asingejua hata pa kuwapata wabichi.

Kila alipotua ndoo, Odeta alitoa daftari dogo akaandika tarehe, na kama ndoo ilijaa au ilipungua.

"Unaandika nini?"

"Mazoea ya mama tu."

Wiki ya mwisho akamshauri aachane na majaribio. "Umeshaweza. Sasa paka rangi, fanya mazoezi ya kuongea. Siku yenyewe nitakuletea ndoo imejaa pomoni."

Nani mwingine angemtendea hivyo mtu aliyemwibia? Evelina alikonda kwa aibu.

Sasa majaji walikuwa wamebakiza meza moja. Evelina alishindwa kuvumilia.

"Odeta, nisamehe. Nilikuibia, na nilijua kabisa kwamba nakuibia."

Odeta alikuwa akinyoosha kanga iliyofunika ubao wake.

"Yameisha hayo. Tena bila wewe, mradi wangu ungekuwa karatasi tu."

Machozi yalimlenga Evelina. Aliapa moyoni kwamba akishinda atasimama mbele ya wote na kumtaja mwenye wazo, liwalo na liwe.

Majaji wakafika. Evelina alieleza habari za nailoni, hewa na mchanga, akaeleza vizuri, bila kukwama.

"Dagaa wenyewe wako wapi?" aliuliza mzee mwenye miwani.

"Wako njiani, mheshimiwa. Wanatoka mwaloni."

"Leo?" Jaji wa pili, mama wa makamo, aliwatazama wenzake. "Wewe binti, leo unawatoa mwalo gani?"

Evelina hakuelewa swali. Alimtazama Odeta amsaidie kujibu, lakini Odeta alikuwa akitazama kanga yake. Majaji waliandika kitu kifupi sana, wakasogea.

Odeta akavuta kanga. Chini yake palikuwa na kalenda kubwa ya kuchorwa kwa mkono, kila siku na mwezi wake, mwingine mwembamba, mwingine mviringo. Tarehe ya leo ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Mzee mwenye miwani aliinama akasoma kichwa cha kalenda kwa sauti: "Siku za Mbalamwezi: Lini Mitumbwi ya Dagaa Haitoki."

"Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi haziwavuti dagaa," Odeta alieleza, sauti imetulia kabisa. "Wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa mujibu wa kalenda yangu, wiki hii nzima hakuna atakayepata ndoo ya dagaa wabichi, hata akiahidiwa."

"Vizuri sana," alisema mzee. "Na ushahidi wako?"

"Ushahidi niliuweka meza ya jirani," Odeta alijibu, akanyooshea kidole kichanja cha bluu.