Barua ya Siwema

Karani wa maktaba aliiweka barua chini ya kamera, na mwandiko ukajaa kwenye kioo cha kompyuta, kila herufi kubwa kama kiganja. Macho ya Bi Sikudhani yalikuwa na ukungu, lakini aliutambua mwandiko wa marehemu mdogo wake, Siwema. Barua ilipofika miaka sita nyuma, mumewe Shomari ndiye aliyemsomea: "Hajambo, anakusalimu."

Sasa akaisoma mwenyewe. "Dada, shemeji yako ananipiga. Usimwambie Shomari, atamtetea nduguye. Njoo unichukue kabla ya Idi."

Siwema alizikwa mkesha wa Idi.

"Unaona kitu?" Shomari aliuliza kando yake.

"Naona."

Akarudi mwanzo wa barua, akaisoma tena kwa sauti, na maktabani watu wakainua vichwa.