Nguchiro Arudi Viotani

Paliondokea Nguchiro mmoja ambaye utotoni aliiba yai la Kanga, akafukuzwa. Alipokomaa alirudi kuomba kazi ya kulinda viota.

"Mama Kanga, yale yalikuwa ya utoto."

"Nani humkabidhi fisi bucha?" Kanga akamcheka. Kazi akapewa Kenge, kwa kuwa hakuwahi kushikwa na kosa lolote.

Nguchiro aliumia, lakini hakuondoka. Asubuhi moja Kanga akapiga ukelele: Kenge alikuwa akimeza mayai! Majirani walitimua mbio. Nguchiro peke yake alimrukia, akamng'ata mpaka akakimbia.

"Nisamehe, mwanangu," Kanga akasema. "Utatulinda?"

"Nitawalinda, mama. Ila vifaranga wasifundishwe tena kunikimbia."

Tangu hapo vifaranga walicheza miguuni pake, na Kenge hakuonekana tena.