Shahidi wa Kumi na Mbili

Bouziane alisimama mlangoni kwa Kouider na bonge la sukari kwapani, lile tunalopeleka msibani au kuomba radhi, akiomba kimoyomoyo asimkute. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka arobaini.

Alimkuta.

"Kuna msiba?" Kouider aliuliza, akiitazama sukari.

"Nimekuja kuomba."

"Basi maji yamekufika shingoni, Haji."

Yalikuwa yamemfika kweli. Nyumba yake ya Tlemcen, aliyonyang'anywa siku Aljeria ilipotufukuza sisi Wamoroko, hatimaye ilikuwa imepata wakili wa kuidai. Hati ilibaki kabatini hukohuko, na asiye na hati hupeleka mashahidi kumi na wawili kwa karani wa kadhi. Kumi na mmoja aliwapata mkahawani hapo Oujda, upande wetu wa Moroko, kwa chai tu. Sisi tuliofukuzwa hatuna hiana, na nyumba zetu huongezeka chumba kila mwaka. Wawili walikuwa tayari kuapia hata bwawa la kuogelea. Lakini wakili alitaka angalau mmoja aliyeiona nyumba yenyewe. Aliyebaki hai ni Kouider, Mmoroko mwenzake, jirani waliyegombana naye huko kwa ajili ya mtini uliosimama mpakani mwa nyumba zao. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, na Bouziane hakutaka kufa mpangaji.

"Na ule mtini?" Kouider aliuliza.

"Sema ulikuwa wako."

"Aisee, umezeeka."

Alhamisi, mbele ya karani, Kouider alieleza kila kitu: kisima, ngazi iliyomeguka, vyumba viwili. Bouziane, aliyewatangazia watu vyumba vitano, aliinamisha uso.

"Mtini nao ulikuwa wake," Kouider aliongeza. "Ukuta wa kati niliusogeza mimi, uingie kwangu."

Machozi yalimtoka Bouziane. Alijiona mpuuzi wa kupigiwa mfano: miaka yote hiyo akivuka barabara kila akimwona mtu kama huyu!

"Umejuaje kwamba polisi wa Aljeria waliichukua nyumba?" karani aliuliza. "Uliwaona?"

Kouider aliivua kofia yake, akaivaa tena.

"Niliwaleta mimi. Niliwaambia mle ndani kuna Wamoroko. Nilidhani watachukua upande ule wa ukuta tu. Adhuhuri haijafika, nami nikapakiwa lori lilelile."

Karani aliweka kalamu chini. Akamgeukia Bouziane kwa huruma.

"Pole sana, Haji. Una neno la kumwambia huyu?"

Bouziane alikuwa nalo, na lilikuwa limemkaa kooni miaka arobaini.

"Walipogonga kwangu," alisema, "niliwaambia wamekosea mlango. Jana yake nilikuwa nimewaelekeza kwako."