Doti ya Kanga

Jioni Kombo alimletea mkewe, Mwanasiti, doti mpya ya kanga. Asubuhi mke akaikuta imekatwa, kimebaki kipande kimoja. Cha pili alikiona zizini, mgongoni mwa punda wao Pendo, aliyekuwa amezaa alfajiri.

"Na yeye ni mzazi," Kombo alisema, akikaza fundo shingoni mwa punda taratibu. "Anasikia baridi kama wewe."

"Mimi nilipozaa ulinifunika nini?"

Kombo akatoka kwenda kutafuta pumba.

Mwanasiti akajifunga kipande chake kiunoni, akamwendea yule punda kama anayemwendea mke mwenza.

"Lete changu!"

Jirani akachungulia uani, akaangua kicheko. "Makubwa! Mmekatiwa sare!"

Vidole vya Mwanasiti vikahangaika na fundo. Kombo hakuwahi kumfunga yeye nguo kwa upole ule. Pendo hakurusha teke. Alimwegemezea kichwa begani, akashusha pumzi ndefu ya aliyechoka kwa uchungu wa kuzaa, na Mwanasiti akaijua pumzi ile.

Kombo akakohoa mlangoni. Punda akasimamisha masikio. Mwanasiti naye akageuza shingo, mkono ungali kwenye fundo, wote wawili wakasikiliza ataitwa nani kwanza.