Mayai Meusi

Majirani wote wa Bi Tunu walikuwa wamehama, baada ya kunguni wageni wa mimea, wale wanaonuka wakiguswa, kuyafyonza mapeasi mpaka yakawa magumu kama mbao. Yeye alibaki peke yake kule mlimani, akipiga dawa asubuhi, na jioni kunguni wamerudi.

Bwana shamba alipokuja, alimletea kichupa chenye nyigu wadogo kuliko chawa.

"Hawa hutaga ndani ya mayai ya kunguni, wakayaua," alisema. "Lakini ukipiga dawa, mama, watakufa hawa kwanza. Itabidi uvumilie."

"Na wakishindwa?"

"Basi msimu umekwenda."

Bi Tunu hakuwa na msimu wa kupoteza. Hata hivyo alikifungua kichupa chini ya mpeasi, nyigu wakatoka kimya kimya, asiwaone tena.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Aliketi akiwatazama kunguni wakila, bila mtu hata wa kumlalamikia. Alilishika bomba la dawa, akaliweka chini, akalishika tena, akaliweka.

Asubuhi moja aligeuza jani, akakuta mayai ya kunguni, ambayo huwa meupe, yamekuwa meusi. Nyigu mmoja alikuwa akijitoa kwenye kitundu.

"Kidawa, njoo uone," aliita, kabla hajakumbuka kwamba jirani yake alikwisha kuhama.

Sauti ilivuka ua hadi kwenye nyumba iliyofungwa. Bi Tunu alisimama akiwa amelishika lile jani, mpaka nyigu alipoinuka na kuruka kuelekea mipeasi ya Kidawa, iliyokuwa imezaa tena bila mwenyewe kujua.